Nani anaruhusiwa kuoshwa miguu Alhamisi Kuu?

Kwaresima inapokaribia kuisha, kamati za liturujia hunipigia simu kuuliza jambo lile lile: tumepata wanaume 10 tu wa kuoshwa miguu na padri, kama Yesu alivyowaosha Mitume; je, tuongeze watumishi wa altare wawili ili wafike 12? Nawajibu kwamba Misale, kitabu cha kuadhimishia Misa, haitaji idadi. Kumi wanatosha, sita wanatosha, na asipokuwepo hata mmoja Misa ya Karamu ya Bwana, ile ya jioni ya Alhamisi Kuu, haipungukiwi kitu, maana kuosha miguu hufanyika pale tu inapoonekana kuwafaa waamini kichungaji. Halafu nauliza: na kwa nini wanaume tu? Hapo simu hunyamaza kidogo.

Wengi wanaamini kwamba wanaume 12 kukaa mbele ya altare ni desturi tuliyorithi moja kwa moja kutoka kwa Mitume. Sivyo. Katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, wamonaki wanaomaliza zamu ya jikoni na wale wanaoipokea huwaosha wenzao miguu kila wiki, na abati pamoja na jumuiya yake huwaosha wageni. Kitabu cha ibada za maaskofu cha mwaka 1600 kilimtaka askofu aoshe miguu ya maskini 13, akiwa amewapa chakula na mavazi, au makanoni 13, yaani mapadri wa baraza la kanisa kuu. Nayo Misale ya mwaka 1570 iliiweka ibada hii baada ya Misa, altare zikishavuliwa vitambaa: makleri, yaani wahudumu wa Kanisa wenye daraja, hukusanyika, mkubwa akawaosha wadogo, akawakausha na kuwabusu miguu. Hapo hakuna 12, na walei, waamini wasio makleri, hawamo.

Aliyeiingiza ndani ya Misa ni Papa Pio XII, katika marekebisho ya Juma Kuu ya mwaka 1955. Ndipo wakawekwa wanaume 12 mbele ya waamini wote. Misale ya mwaka 1970 ikaiondoa idadi lakini ikabakiza neno “wanaume”. Kwa hiyo hiyo “desturi ya tangu zamani” ambayo wazee wa parokia huitetea kwa ukali ina umri sawa na wao wenyewe, na baadhi yao wameizidi.

Nyuma ya ubishi huu kuna namna mbili za kuisoma sura ya 13 ya Yohane. Wapo wanaoona kwamba Yesu aliwaosha Mitume, na usiku ule aliweka Daraja Takatifu, yaani upadre, basi wanaooshwa ni mfano wa Mitume na hawana budi kuwa wanaume. Wengine hutazama maneno yaliyofuata, “nanyi imewapasa kuoshana miguu”, wakaona pale amri ya upendo inayomhusu kila mbatizwa. Mimi niko upande wa pili, na sababu yangu imo katika liturujia yenyewe: makuhani wana Misa yao ya Krisma, wanaporudia ahadi za upadre mbele ya askofu. Jioni ya Alhamisi Kuu, mwenye zamu ya kuinama ni padri.

Papa Fransisko alilionyesha hilo kwa vitendo kabla ya kuliandika. Tarehe 28 Machi 2013, wiki mbili tu tangu achaguliwe, alikwenda gereza la vijana la Casal del Marmo, Roma, akawaosha miguu wafungwa 12, wawili wakiwa wasichana. Mmoja wa wasichana hao alikuwa Mwislamu. Malalamiko yalikuwa mengi, na kwa upande wa sheria hayakukosa hoja: rubrika, yaani maelekezo ya ibada katika Misale, ilikuwa bado inasema wanaume. Mnamo Desemba 2014 akamwandikia Kardinali Robert Sarah, mzaliwa wa Guinea aliyekuwa akiongoza idara ya Vatikani inayosimamia ibada, kwamba rubrika ibadilishwe. Amri ikatiwa sahihi tarehe 6 Januari 2016. Sasa Misale inasema “waliochaguliwa kutoka Taifa la Mungu”, na amri inafafanua: wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, wazima kwa wagonjwa, makleri, watawa na walei.

Amri hiyo inaruhusu, hailazimishi. Paroko akiwaweka wanaume watupu hajavunja sheria. Lakini akisema wanawake wamekatazwa, anakosea.

Kuna swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: je, mtu asiyekomunika, labda kwa sababu ya ndoa, anaweza kukaa pale? Kuoshwa miguu si sakramenti, na amri haikuweka sharti la Komunyo. Ningefurahi kumwona mama wa namna hiyo kwenye benchi, badala ya kuzungusha viongozi wale wale wa jumuiya kila mwaka kana kwamba ni zawadi ya utumishi bora. Paroko amfahamu tu, na azungumze naye mapema. Amri yenyewe inadai waamini waandaliwe, wakiwamo wanaooshwa.

Maandalizi ninayokutana nayo mara nyingi ni ya aina nyingine. Watu huja miguu imesuguliwa nyumbani kwa jiwe, imepakwa mafuta, kiasi kwamba maji ya jagi yanateleza juu yake na kuishia kwenye beseni bila kulowesha kitu. Nawaelewa, hata Petro aliona aibu. Wanawake waambiwe mapema wasivae soksi ndefu za kubana, la sivyo padri atapiga magoti akisubiri.

Anayeosha ni padri anayeongoza Misa, akiwa amevua kasula, vazi lake la juu la Misa, ikihitajika, na wahudumu humsaidia. Waamini kuoshana wenyewe kwa wenyewe hakumo katika Misale, wala kunawishana mikono badala ya miguu. Na kwa kuwa ibada imewekwa ndani ya Misa, kigango kisicho na padri jioni hiyo hakina sababu ya kumbebesha katekista beseni.

Kuhusu wasiobatizwa, maneno “Taifa la Mungu” kwa maana yake ya kawaida ni Wakristo. Hata baada ya amri, mwaka 2016 huohuo, Fransisko aliwaosha Waislamu na Mhindu katika kituo cha wakimbizi cha Castelnuovo di Porto. Papa ndiye mtunga sheria, na uhuru wake hauhamii kwa paroko. Ukiwa na jirani Mwislamu unayetaka kumwalika, muulize kwanza askofu wako, kisha muulize jirani mwenyewe kama anapenda.