“Daktari, ongeza moto”: dhana potofu kuhusu leza na makovu

Mgonjwa amelala chali, krimu ya ganzi imeshafutwa, vikinga macho vipo mahali pake, nami nimeshika kishikio cha mashine ya leza. Ndipo inapokuja: “Daktari, usinionee huruma. Ongeza moto, tumalize leo leo.” Wiki hii nimeisikia mara tatu. Wa tatu, tulipomaliza, alijitazama kwenye kioo akanuna. Uso ulikuwa umevimba kidogo tu. Rafiki yake, alisema, alijifungia ndani wiki mbili akivuja maji usoni. Yeye amepapaswa, na pesa katoa zilezile.

Chini ya malalamiko haya kuna imani kwamba kovu ni kama kutu juu ya bati: ukisugua kwa nguvu inatoka, na isipotoka basi msuguaji ni mvivu au mwoga. Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwa sababu inamtuma mtu kumtafuta aliye tayari kumuunguza, na walio tayari hawakosekani.

Kovu la chunusi lililobonyea halikai juu ya ngozi. Ni pengo. Uvimbe wa chunusi uliharibu kolajeni, nyuzi za protini zinazoishikilia ngozi, ndani ya dermisi, yaani tabaka la ndani la ngozi, mwili ukaziba harakaharaka kwa nyuzi chache zilizopangwa ovyo, na ngozi ya juu ikazama. Shimo halifutiki. Kinachowezekana ni kulainisha kingo zake, kisha kuuchokoza mwili ulijaze kutoka chini. Kingo ni kazi ya leza. Kujaza ni kazi ya fibroblasti, seli zinazotengeneza kolajeni, na hizo hazikimbizwi.

Leza mbili tunazotumia zaidi kuchubua ngozi ni ya kabonidayoksaidi, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, na ya erbiamu, nanomita 2,940. Zote zinalenga maji. Maji yaliyomo kwenye seli yanachemka ghafla, tishu inageuka mvuke, na pembeni unabaki ukingo wa tishu iliyopata joto bila kupukutika. Ukingo huo ndio unaosinyaa na kuamsha ujenzi wa kolajeni mpya. Miaka ya 1990 mtindo ulikuwa kuchubua uso mzima, epidermisi (tabaka la juu la ngozi) yote. Makunyanzi yalipungua sana, hilo sibishi. Lakini mgonjwa alikaa na kidonda kibichi wiki moja hadi mbili, wekundu ukadumu miezi, na wengine baada ya muda wakatokwa na weupe usiorudi rangi yake. Mwaka 2004 likachapishwa wazo lililobadilisha kazi yetu: badala ya kuchoma eneo zima, piga vitundu vyembamba na uache ngozi nzima katikati yake. Ngozi hiyo iliyoachwa ndiyo inayoponya. Seli zake zinatambaa kutoka kila upande na kuziba kitundu ndani ya siku chache.

Sasa turudi kwenye moto. Mgonjwa anadhani mashine ina kitufe kimoja, cha ukali. Ina viwili vinavyonihusu zaidi. Kimoja ni nishati ya kila pigo, inayoamua kitundu kinaingia kina gani. Kingine ni msongamano, yaani asilimia ngapi ya ngozi inaguswa. Ukiongeza nishati unakwenda chini zaidi, na kwa kovu lenye kina ndicho unachotaka. Ukiongeza msongamano, vitundu vinasogeleana, joto la kimoja linakutana na la jirani yake, na ile ngozi nzima ya katikati, yaani waponyaji wako, inaiva nayo. Kwa ngozi yenye melanini nyingi, yaani rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, msongamano ndio unaoleta weusi baadaye kuliko kina. Kwa hiyo nikikutana na kovu zito kwenye ngozi nyeusi nashuka chini kwa vitundu vichache, napumzisha, napuliza hewa baridi, nasubiri kabla ya kurudia pigo. Huko kusubiri ndiko mgonjwa anakokuita kupapaswa.

Na shingo! Usiniambie “piga na shingo kama uso.” Epidermisi mpya huota zaidi kutoka kwenye vinyweleo na tezi, na shingo inavyo vichache kuliko uso. Kiwango kinachopona vizuri shavuni kinaweza kuacha kovu jipya shingoni, kwa mtu aliyekuja kuondoa kovu.

Kuna mtego mwingine wa dhana hii, nao ni wa kalenda. Siku za kwanza mashavu yanavimba, na uvimbe unainua mabonde yote. Mgonjwa anapiga picha, anaituma kwa watu, anaandika “yameisha.” Wiki ya tatu au ya nne anarudi amekasirika: makovu yamerudi. Hayakurudi. Kilichoondoka ni maji. Kolajeni yenyewe inajengwa polepole, miezi 3 hadi 6, ndipo ukweli unapoonekana. Ndiyo sababu mimi siwapigi tena kabla ya miezi miwili, na picha zangu zote napiga pembe ileile na taa ileile ikitokea ubavuni, kwa kuwa taa ya mbele inaficha kila bonde. Ukiona tangazo la “kabla” iliyopigwa taa ya pembeni na “baada” iliyopigwa taa ya usoni, usijisumbue kulisoma.

Na kuna makovu ambayo hata ningeongeza moto hadi mashine ilie, yasingesogea. Yale membamba yenye kina, kama tundu la sindano, yanahitaji tone la asidi kali ndani ya tundu, au kukatwa na kushonwa. Yale ya mabonde mapana yamefungwa kwa nyuzi chini, kama godoro lililokazwa kwa uzi: usipoukata uzi, bonde halipandi. Tunaukata kwa sindano kwanza, leza inafuata. Nikipata upungufu wa nusu baada ya awamu kadhaa, mimi nasherehekea. Mgonjwa aliyeahidiwa ngozi ya mtoto atalia kwa matokeo hayohayo.

Dhana potofu zilizobaki nitazipitia haraka.

“Ngozi nyeusi haipigwi leza.” Leza zinazolenga maji hazijali rangi. Hatari ni weusi unaofuata baada ya kupona, ambao mara nyingi hufifia kwa wiki au miezi, na tunaupunguza kwa msongamano mdogo na kinga ya jua. Nakusihi uchague krimu ya jua yenye rangi, ile yenye oksidi za chuma, kwa sababu hata mwanga wa kawaida unaoonekana huchochea weusi na krimu nyeupe hazizuii huo. Kinachounguza ngozi nyeusi hasa ni vifaa vinavyolenga melanini vikitumiwa vibaya, kama vya kuondoa nywele, au vile vya mwanga wa kumulika ambavyo hata si leza. Jirani kaunguzwa na kifaa kama hicho, lawama zikaja kwangu.

“Inaleta saratani.” Huu ni mwanga wa infraredi, ule wa joto usioonekana kwa macho. Hauna uwezo wa kuvunja DNA kama mionzi ya eksirei au ya jua. Mtu ananiuliza hivyo huku hajawahi kupaka krimu ya jua maishani.

“Inafanya ngozi iwe nyembamba.” Ikipona vizuri, dermisi inaongeza kolajeni. Kinachokondesha ngozi ni krimu kali za steroidi, zile unazopaka kila usiku halafu nikikuuliza unasema hutumii chochote. Sema. Sitakugombeza (labda kidogo), lakini mipango yangu yote inabadilika.

“Keloidi ichomwe leza iishe.” Keloidi ni kovu linaloota na kuvimba kupita jeraha lenyewe. Ukiichoma peke yake inaweza kurudi kubwa kuliko ilivyokuwa. Msingi wa tiba ni sindano ya triamsinoloni, aina ya steroidi, ndani ya kovu. Leza inaweza kusaidia, kwa mfano kufungua vijia vya kupitishia dawa. Kama una keloidi popote, sikioni, kifuani, niambie kabla sijawasha mashine.

“Nilimeza isotretinoini, lazima nisubiri miezi sita.” Hiyo ni dawa ya chunusi, na kusubiri hivyo kulikuwa kanuni yetu sote. Mwaka 2017 wataalamu wa ngozi Marekani walipitia ushahidi upya na kuona hautoshi kuchelewesha leza za vitundu. Kuchubua uso mzima, hapo bado nasubiri. Usiache dawa yako bila kuniuliza, na usinifiche kwamba unaimeza.

“Vidonda vya mdomoni havihusiani.” Vinahusiana sana. Virusi vya herpesi vilivyolala vinaweza kuamka na kuenea kwenye ngozi iliyochubuliwa. Hata kama ulipata mara moja tu miaka kumi iliyopita, nataka kujua, nikuanzishie asikloviri, dawa ya virusi hivyo, mapema.

“Magamba yaondolewe ili ngozi mpya ipumue.” Ngozi haina pua. Siku ya tatu au ya nne shavu linakwaruza kama msasa, na ukilisogeza karibu na kioo utaona vidoti vya kahawia vimejipanga mistari kwa mistari kama wavu. Kila kidoti ni kizibo juu ya kitundu kimoja, na kitadondoka chenyewe kazi chini yake ikiisha. Osha kwa maji ya uvuguvugu, paka jeli ya petroli kwa wingi, rudia. Hakuna limau, hakuna seramu ya vitamini C, hakuna retinoli, hakuna kusugua kwa taulo. Mgonjwa mmoja aliniapia kwamba hajagusa chochote. Uso wote ulipona sawasawa, isipokuwa taya la kushoto, palipobaki alama tatu nyeusi zenye upana wa ukucha wa kidole. Nikamwomba anisainie fomu ya miadi inayofuata, akapokea kalamu kwa mkono wa kushoto.