Balistiki si cheo

Juzi tena, taarifa ya habari ikiwa hewani, shemeji yangu alipandisha sauti: "Hilo si kombora la kawaida bwana, hilo ni balistiki!" Habari zilikuwa za India na Pakistan. Sebule nzima ikatikisa vichwa, kana kwamba ametaja cheo. Kana kwamba kuna makombora koplo na makombora kanali. Nimelisikia neno hili likitumika hivyo mara nyingi mno, na shemeji ni mtu wa kusoma, kwa hiyo leo naliandikia.

Kombora la balistiki ni lile ambalo injini yake huwaka kwa muda mfupi tu mwanzoni, ikalipa kasi na mwelekeo, kisha ikazimika. Sehemu kubwa ya safari linaimaliza kwa kasi hiyo ya mwanzo, likipaa na kushuka kwa upinde, na mvutano wa dunia ndio unaolirudisha chini. Mengine huweza kujirekebisha kidogo njiani. Yasiyofika mbali zaidi ya kilomita 1,000 huitwa ya masafa mafupi. Basi, ni hivyo tu.

Neno lenyewe halina ukali wowote ndani yake. Kwa Kigiriki *ballein* ni kutupa. Warumi wakaita *ballista* mtambo wao wa vita wa kurushia mawe na mishale mikubwa, na huko ndiko tulikolitoa. Hamna nyuklia humo, hamna hata moto. Jiwe la Daudi, tangu lilipochomoka kwenye kombeo hadi lilipomwingia Goliathi kwenye kipaji cha uso, lilikuwa balistiki kamili. La mtoto anayetungua maembe nalo ni balistiki, na likikosa embe likaelekea bati la jirani, hakuna wa kuliita lirudi. (Hata *kombora* lina ndugu wa kuchekesha: Waturuki wana *kumbara*, ambalo zamani lilikuwa bomu la kurushwa kwa mzinga na leo ni kibubu cha kuwekea sarafu.)

Ukali uko kwenye mzigo unaobebwa kichwani, na huo ni suala jingine. Chukua Prithvi, kombora la masafa mafupi ambalo Wahindi walilibuni wenyewe katika mpango ulioanza 1983 chini ya A.P.J. Abdul Kalam, yule aliyekuja kuwa rais wao 2002. Lilijaribiwa mara ya kwanza Februari 1988 huko Sriharikota. Toleo la kwanza lilibeba tani 1 kwa kilomita 150. La pili likapunguziwa mzigo, likafika 250. Yote mawili ni balistiki, na hakuna lililo balistiki zaidi ya mwenzake.

Na hapa shemeji alinimaliza. Akasema, kwa uhakika wote, kwamba Prithvi ni jina la mfalme wa Kihindu. Hapana. *Prithvi* kwa Kisanskriti ni ardhi, dunia. Kwa asili ni "iliyo pana". Ukitazama ndugu zake wa mpango uleule utaona: Agni ni moto, Akash ni anga, Trishul ni mkuki wa ncha tatu, Nag ni nyoka swila. Hakuna mfalme hata mmoja. Mfalme anayemfikiria ni Prithviraj Chauhan, aliyeshindwa vitani Tarain mwaka 1192 na Muhammad wa Ghor, na jina lake lina "Prithvi" kwa sababu maana yake ni mfalme wa ardhi. Lakini simlaumu sana shemeji, maana Pakistan ilipojaribu kombora lake Aprili 1998 ililiita Ghauri, kwa jina la huyohuyo mshindi wa Tarain, na tangu hapo watu wakayasoma majina mawili kama ubishi wa miaka mia nane. Upande mmoja ulikuwa umetaja udongo, upande wa pili ukajibu kwa sultani.

Hata "lililotengenezwa nchini" lisemwe kwa kiasi. Injini ya Prithvi, ya mafuta ya majimaji, ina nasaba yake kwenye kombora la Kisovieti la kutungulia ndege ambalo wahandisi wa India walikuwa wamelifumua miaka ya 1970 wajue lilivyoundwa. Mradi ule haukuzaa kombora, ila ulizaa mafundi. Kubuni nyumbani mara nyingi huanza hivyo, kwa kufungua cha mwenzio, na sioni aibu yake.

Sasa, shemeji, lile lililokufanya upaze sauti juzi. Mtangazaji alisema BrahMos. Hilo India imeliunda pamoja na Urusi, na jina lake ni mito miwili iliyounganishwa, Brahmaputra na Moskva. Injini yake haizimiki njiani, inalisukuma mpaka kwenye shabaha, karibu mara tatu ya kasi ya sauti, likiruka kwa mbawa na likiongozwa muda wote. Hilo huitwa kombora la kruzi. Ni kali kweli, hapo ulisema sawa. Balistiki ndiyo siyo.