Kalamu ya wanaanga na penseli ya Wasovieti

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko: NASA, shirika la anga la Marekani, iliteketeza mamilioni ya dola kubuni kalamu ya kuandikia angani, huku Wasovieti wakijichukulia penseli tu. Kinachekesha, ila si cha kweli.

Mwanzoni pande zote mbili zilitumia penseli. Mwaka 1965 NASA ilinunua penseli 34 kwa ajili ya mradi wake wa safari za anga uitwao Gemini, kila moja takriban dola 129, na bei hiyo ikazua kelele. (Kama ni ufujaji, basi ulikuwa hapo, kwenye penseli!) Isitoshe, penseli ina hatari zake chomboni. Ncha ikivunjika, kipande huelea na kinaweza kumwingia mtu jichoni. Vumbi lake la grafiti, ile sehemu nyeusi inayoandika, hupitisha umeme, hivyo likipenya kwenye mitambo laweza kuleta shoti. Mbao nayo hushika moto, jambo lisilopuuzwa baada ya moto ndani ya chombo cha Apollo 1 kuwaua wanaanga watatu mwaka 1967.

Kalamu yenyewe ilibuniwa na Paul Fisher, mtengenezaji wa kalamu, kwa fedha za kampuni yake. Wino wake mzito husukumwa na gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa ndani ya mrija, kwa hiyo hautegemei uvutano ili ushuke. NASA iliifanyia majaribio, ikanunua takriban 400, na mwaka 1968 zikasafiri na Apollo 7. Mwaka uliofuata Wasovieti nao wakaagiza 100.