Ukiikata sumaku katikati

Kila ninapofundisha sumaku, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: mwalimu, tukiikata katikati si tutabaki na ncha ya kaskazini peke yake? Swali hilo lilijibiwa na Petrus Peregrinus, Mfaransa wa Maricourt, katika barua ya tarehe 8 Agosti 1269. Jeshi la Charles wa Anjou lilikuwa limeuzingira mji wa Lucera, kusini mwa Italia, naye akiwa kambini akamwandikia rafiki yake Sygerus habari za jiwe la sumaku.

Ninachompendea ni kazi ya mikono. Chonga jiwe, anasema, ulisugue mpaka liwe mviringo kama tufe. Laza sindano juu yake, kisha chora mstari kuifuata ilivyolala. Ihamishe, chora tena. Mistari yote itakwenda kukutana kwenye nukta mbili zinazokabiliana. Hizo ndizo ncha. Kama bado una shaka, vunja kipande kifupi cha sindano ukiweke hapo, kitasimama wima. Nimelijaribu hilo darasani kwa kipande cha pini: ukikisogeza kidogo tu kutoka kwenye ncha, kinainama.

Kujua ipi ni kaskazini, aliliweka jiwe ndani ya bakuli la mti, bakuli akaliweka lielee juu ya maji katika chombo kipana ili lisiguse kingo. Jiwe likae humo kama baharia melini, aliandika. Ligeuze utakavyo, litarudi kuelekea kaskazini.

Sasa lile swali. Alichukua jiwe lenye ncha mbili, akalikata vipande viwili, akaviweka vielee majini kimoja kimoja. Kila kipande kikatoka na kaskazini yake na kusini yake. Pale palipokatwa pamezaliwa ncha mbili mpya. Ukizisogeza karibu hizo mbili zinavutana, na jiwe linarudi kuwa moja. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko hata dira aliyoiboresha kwa kuitia vipimo vya nyuzi 360.

Chanzo cha nguvu hiyo alikitafuta mbinguni, kwenye ncha ambazo anga lilidhaniwa kuzizunguka. Mwaka 1600, William Gilbert wa Uingereza alirudia jiwe la mviringo na sindano, akaona kwamba dunia yenyewe ni sumaku. Jiwe lake akaliita terrella, yaani dunia ndogo.