Matatizo ya ulaji: kwa nini mizani pekee haitoshi

Swali: Wataalamu huyagawanya vipi matatizo ya ulaji?

Jibu: Anoreksia iliitwa hivyo na daktari Mwingereza William Gull katika miaka ya 1870. Anayeiugua hujinyima chakula, huogopa kunenepa, na hujiona mnene hata anapokonda. Mwaka 1979 daktari wa akili Gerald Russell alieleza bulimia, ambapo mgonjwa hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, akihisi hawezi kujizuia, kisha hujitapisha, hufunga au hufanya mazoezi ya kupita kiasi ili kufidia. Asiyefidia ana ugonjwa wa kula kupindukia, ambao mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliutambua rasmi mwaka 2013. Yapo mengine pia, kama vile kula vitu visivyo chakula.

Swali: Je, mtu mwenye mwili mkubwa anaweza kuugua anoreksia?

Jibu: Anaweza, na hapa ndipo wengi hukosea. Mwongozo huohuo unatambua anoreksia isiyo ya kawaida, ambapo dalili zote zipo ila uzito haujashuka chini ya kawaida. Mfikirie mtu aliyepungua kilo 20 kwa miezi michache: kila anayekutana naye humpongeza, ilhali yeye huona kizunguzungu akisimama, mapigo ya moyo yamepungua, na kila tonge hulihesabu. Pongezi hizo humsukuma aendelee kujinyima.

Swali: Mbona mgonjwa mmoja huweza kupewa jina moja leo na jingine baadaye?

Jibu: Kwa sababu mipaka ya magonjwa haya haijakazwa. Mwaka 2003 daktari wa akili Christopher Fairburn na wenzake walipendekeza kwamba anoreksia na bulimia zina kiini kimoja, nacho ni mtu kuipima thamani yake yote kwa umbo na uzito wake. Kiini hicho huzaa masharti makali ya chakula, masharti huzaa njaa, njaa humshinda akala kupita kiasi, na majuto humrudisha kwenye masharti makali zaidi. Nadhani maelezo haya yanamtendea haki mgonjwa, kwani hayamwiti mlafi wala mwenye maringo.

Swali: Je, kila anayekataa chakula ana hofu ya kunenepa?

Jibu: La. Wapo, watoto kwa watu wazima, wanaoepuka chakula kwa kuogopa kukabwa nacho kooni au kwa kutostahimili harufu na ulaini wake, na umbo la mwili haliwashughulishi kabisa. Ndiyo maana mtaalamu makini, kabla ya kumpandisha mtu kwenye mizani, humuuliza kwanza anahofia nini chakula kinapowekwa mbele yake.