Mbuzi anayekakamaa: maneno ya mnadani na ukweli wake

Dhana: "Mbuzi akianguka ana kifafa, uza ukoo wote."

Video za mbuzi wa Tennessee, Marekani, wanaodondoka wakishtuliwa zimefika hadi Tengeru, hapa Arumeru mkoani Arusha, na maneno yamekuwa mengi. Mbuzi wale hawana kifafa wala hawazimii. Fahamu wanazo, macho yanaona. Ni misuli tu inayogoma kulegea kwa sekunde 10 hadi 20. Kasoro iko kwenye jeni ya CLCN1, inayoongoza upitaji wa kloridi kwenye misuli. Iligunduliwa mwaka 1996, na nakala moja ya jeni hiyo yenye kasoro kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kumkakamaza mtoto.

Ila mbuzi wa Arumeru akiyumba, mimi sianzi na jeni. Anayezunguka upande mmoja huku kichwa kimeinama, mshuku mabuu ya tegu ubongoni, ugonjwa ambao Wamaasai wanauita ormilo. Mayai ya tegu huyo hutoka kwenye kinyesi cha mbwa, na mbwa huambukizwa akila ubongo wa mbuzi mgonjwa. Kwa hiyo vichwa vya machinjioni visitupwe ovyo. Kitoto kilichokakamaa miguu huenda kimekosa seleniamu au vitamini E. Kumpima vinasaba mbuzi wa namna hiyo ni kupoteza hela.

Dhana: "Beberu mwenye afya hawezi kuleta ugonjwa wa ukoo."

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kuna magonjwa yanayohitaji nakala mbili zenye kasoro, moja kwa kila mzazi, kama beta-manosidosisi ya mbuzi aina ya Nubian: kitoto huzaliwa hakiwezi kusimama, ingawa huo ni ugonjwa wa neva na si wa misuli. Beberu mwenye nakala moja ananawiri, anapanda vizuri, anasifiwa. Mwachie apande mabinti zake (na kwetu beberu mmoja huhudumia kijiji kizima miaka na miaka) ndipo nakala mbili zinapokutana.

Dhana: "Akikutwa amebeba (yaani ana nakala moja yenye kasoro bila kuugua), achinjwe."

Si lazima. Apandishwe kwa jike lililopimwa likawa safi: kwa wastani nusu ya watoto watabeba, lakini hakuna atakayeugua. Wanaobeba wauzwe kwa nyama.

Dhana: "Kupima vinasaba, lazima damu."

Mara nyingi nywele zinatosha, mradi zing'olewe na mizizi yake. Za mkasi hazifai.

Dhana: "Ana cheti, ni safi."

Safi kwa ugonjwa gani? Kipimo cha CLCN1 hakisemi lolote kuhusu beta-manosidosisi. Muuzaji akikuonyesha karatasi, soma jina la jeni iliyopimwa na namba ya hereni (ile ya utambulisho sikioni), kisha shika sikio la beberu ulinganishe kabla hujatoa hela.