Asidi, besi na mwili wako: maswali na majibu

Asidi na besi zina tofauti gani?

Asidi ikiingia kwenye maji hutoa ayoni za haidrojeni (chembe ndogo zenye chaji ya umeme), besi huzipokea. Ukali wake hupimwa kwa pH, kipimo kilichoanzishwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen. Kwa kawaida huanzia 0 hadi 14: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi. Usisahau kwamba kila hatua ni mara 10, kwa hiyo kitu chenye pH 2 kina ayoni hizo mara 1,000 zaidi ya chenye pH 5.

Dawa ya kiungulia hufanyaje kazi?

Asidi ya tumboni ina pH ya kati ya 1.5 na 3.5 hivi. Tumbo lenyewe haliungui kwa sababu ukuta wake umefunikwa na ute mzito wenye baikaboneti, ambayo ni besi dhaifu. Umio hauna kinga ya namna hiyo, ndiyo maana asidi ikipanda juu unasikia moto kifuani.

Vidonge vingi vya kiungulia ni besi. Magnesiamu haidroksaidi, kwa mfano, ikikutana na asidi hiyo hubaki chumvi na maji tu: makali yameisha. Nafuu huja upesi lakini haikai sana, maana tumbo linaendelea kutengeneza asidi nyingine. Magnesiamu huweza kuharisha na alumini, iliyo kwenye vidonge vingine, hufunga choo, kwa hiyo watengenezaji wengi huzichanganya. Sodiamu baikaboneti hutoa gesi, ukacheua, na huongeza sodiamu mwilini. Mwenye shinikizo la damu asiizoee. Dawa hizi pia huzuia baadhi ya antibiotiki, kama tetrasaiklini, zisifyonzwe vizuri, basi muulize mfamasia upishanishe saa ngapi.

Kiungulia kisichoisha, shida ya kumeza, kutapika damu au choo cheusi ni mambo ya daktari. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya yanaweza kuwa ya moyo. Hapo usikae kusubiri kidonge kifanye kazi.

Mtu akimeza asidi, si apewe besi ya kuondoa makali?

Hapana. Swali hili lina mantiki, na ndiyo maana ni la hatari. Asidi na besi zikikutana hutoa joto, na zikiwa kali joto hilo huongeza jeraha juu ya jeraha. Usimtapishe pia, kwani kimiminika kitaunguza umio mara ya pili kikirudi. Mpeleke hospitali mara moja, na chukua chupa yenyewe ili wahudumu wajue alichomeza.

Ngozi au jicho lililomwagikiwa linahitaji maji safi yanayotiririka, mengi, kwa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali. Jicho lishikilie wazi wakati wa kuosha. Watu huogopa asidi zaidi, lakini besi kali, kama sodiamu haidroksaidi ya kuzibulia mabomba, mara nyingi huchimba ndani zaidi kwa sababu huyeyusha mafuta na protini za mwili.

Kijiti cha mkojo kimeonyesha asidi. Je, damu yangu ina asidi nyingi?

Kijiti hicho kina viashiria, yaani rangi zinazobadilika kulingana na pH, kama litmasi ya buluu inavyogeuka nyekundu ndani ya asidi. Kwenye sehemu ya pH, rangi ya machungwa ni asidi. Ikielekea kijani na buluu, ni besi. Mkojo wa mtu mzima wa afya unaweza kuwa popote kati ya 4.5 na 8, kutegemea alichokula. Ukiwa na asidi, maana yake figo zinaitoa nje, kama inavyotakiwa.

Damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Inalindwa na bafa, yaani asidi dhaifu na besi mwenza wake zikiwa pamoja. Kubwa zaidi ni asidi ya kaboniki na baikaboneti. Asidi ikiingia, baikaboneti huidaka, kisha hutokea maji na kaboni dioksaidi unayoitoa kwa pumzi. Figo hurudisha baikaboneti iliyotumika, taratibu, kwa saa na siku.

Basi maji ya alkali, yaani yenye pH juu ya 7, yana faida gani kwa damu?

Hayabadilishi pH yake. Yakifika tumboni hukutana na asidi, na kilichobaki bafa, mapafu na figo hukishughulikia. Sioni sababu ya kuyalipia.

Damu huzidiwa na asidi kwa sababu ya ugonjwa: kisukari kisichodhibitiwa, figo kushindwa kazi, au kuhara sana, kwa kuwa choo huondoka na baikaboneti. Ndiyo maana ORS, dawa ya kuchanganya na maji anayopewa anayeharisha, ina sitreti, ambayo mwili huigeuza kuwa baikaboneti. Mgonjwa wa kisukari akianza kuhema haraka na kwa kina, huku akitapika au pumzi yake ikinuka kama matunda, mapafu yake yanahangaika kutoa asidi iliyozidi. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.